Baba mkwe hataki kusikia habari ya silaji

SWALI: Asalam aleikum. Mkwe wangu ana ng'ombe watatu wa maziwa hapa Kisauni, wote wa kufungia bandani. Kiangazi kikishika majani hakuna, twanunua ya pikipiki kwa bei ya kuumiza na maziwa yashuka vilevile. Nilienda semina Mtwapa tukafundishwa silaji, yaani majani ya kuchachusha na kuhifadhi bila hewa, na kupanda lusina, mti wa malisho, lakini nikimwambia mzee asema ng'ombe wake hawali majani yaliyooza. Nifanyeje?
Mkaza mwana, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Mzee simuoni mkaidi, maana kwa mtu wa ng'ombe watatu jaribio likiharibika ni maziwa ya nyumba yamekwenda, kwa hivyo usimwambie abadilishe banda zima, muombe ng'ombe mmoja tu.

Masika haya nepia, yale majani ya tembo, ikiwa na kimo cha mita moja hivi ikate, iache inyauke kidogo, katakata vipande vya inchi moja, nyunyiza molasi, ile shira nzito ya miwa, uliyozimua kwa maji, shindilia ndani ya mfuko mzito wa nailoni mpaka hewa iishe kabisa kisha funga uweke kivulini panya wasikofika. Baada ya mwezi aufungue yeye mwenyewe mzee na anuse. Ikitoka rangi ya kijani-manjano na harufu kali ya uchachu kama ukwaju hiyo ni silaji nzuri, lakini ikiwa nyeusi ina ukungu na kunuka uozo hapo mzee ana haki, itupe usimpe ng'ombe.

Anza na kidogo ukichanganya na majani mabichi, uongeze polepole kwa wiki mbili hivi kwa sababu vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vyahitaji muda kuzoea, tena mpe baada ya kukama, la sivyo maziwa yashika harufu. Kipimo cha maziwa ashike mzee, kwa kopo lilelile kila asubuhi. Lusina nayo isizidi thuluthi ya chakula, ina sumu iitwayo mimosini, ikizidi ng'ombe anyonyoka manyoya.

Halafu yule kijana wa kazi anayewaletea ng'ombe majani! Watu wengi wamsahau. Kukatakata na kushindilia ni kazi ya kuvunja mgongo na ikiwa mshahara wake ni uleule hata mzee akikubali mfuko wa pili hautajazwa, kwa hivyo ongeeni naye mapema, siku ya kujaza mifuko alipwe kivyake.