Paulo alitumwa na nani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Kwenye mihadhara mtaani kwetu, ndugu Waislamu husema Paulo hakuwa mtume: hakutembea na Yesu, alijipa utume baada ya kuona mwanga njiani, na Wakristo wa Kiyahudi wa mwanzo walimkataa. Nikiwasomea Matendo 9 wananibana. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Unakosea pa kuanzia. Ukifungua Matendo 9 umeuegemeza utetezi wote kwenye maono. Mwenzako atakupeleka 9:7, ambapo wasafiri waliisikia sauti, kisha 22:9, ambapo hawakuisikia, na muda wenu utaishia hapo. Pingamizi la kuyakataa maono yake ni la kale. Katika Homilia (mahubiri ya kale) zilizopachikwa jina la Klementi, kiongozi wa kanisa la Roma, Petro anamuuliza Simoni mchawi: kama maono yanatosha kumfundisha mtu, mbona Mwalimu (Yesu) alikaa mwaka mzima na watu walio macho? Wataalamu wengi wanaona anayesutwa hapo ni Paulo.

Anza na Wagalatia 1:18 hadi 2:10, usome polepole. Miaka mitatu baada ya kuitwa alipanda Yerusalemu, akakaa kwa Kefa (yaani Petro) siku 15; mtume mwingine aliyemwona ni Yakobo, ndugu wa Bwana, basi. Mtu anayetunga asingejipunja hivyo. Baada ya miaka 14 alirudi na Barnaba na Tito, akaieleza injili yake mbele ya Yakobo, Kefa na Yohana. Tito hakulazimishwa kutahiriwa, na wale watatu wakatoa “mkono wa kuume wa shirika”. Waliomba jambo moja tu, maskini wakumbukwe. Hapo ruka hadi 1 Wakorintho 16:1-4 uone ombi hilo likitekelezwa: kila siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba, na fedha zipelekwe Yerusalemu na watu waliothibitishwa na Wakorintho wenyewe, wakiwa na barua. Mtu asiyetambuliwa Yerusalemu angechangisha hivyo kwa ajili ya nani?

Atakurukia na Wagalatia 2:11-14, Paulo alipomkabili Petro Antiokia. Usikwepe. Msomee mstari wa 12: Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa mpaka walipofika watu kutoka kwa Yakobo. Analaumiwa kwa kuacha alichokuwa akikitenda, si kwa kuhubiri injili nyingine. Paulo haelezi ugomvi uliishaje, nawe usimwelezee.

Wakidai hakutembea na Yesu, masharti ya Matendo 1:21-22, kwamba mtume awe alifuatana naye, ni ya kujaza nafasi ya Yuda kati ya wale Kumi na Wawili. Paulo hakuidai: katika 1 Wakorintho 15:5-8 anawataja hao kwanza, yeye akijiweka mwisho. Na Matendo 14:14 inamwita hata Barnaba mtume.

Kuhusu Waebioni, yaani Wakristo wa Kiyahudi wa kale walioshika torati, kubali ukweli: askofu Ireneo, yapata mwaka 180, anasema walimkataa Paulo wakimwita mwasi wa torati. Lakini kile kisa kwamba alikuwa Myunani aliyetahiriwa ili amwoe binti wa kuhani, akanyimwa, akaigeukia torati kwa hasira, kinatoka kwa askofu Epifanio, miaka ya 370. Ni zaidi ya miaka 300 baada ya Paulo. Paulo mwenyewe anajitaja kuwa wa kabila la Benyamini, aliyetahiriwa siku ya nane (Wafilipi 3:5).

SWALI: Je, Kurani inamkataa Paulo?

JIBU: Haimtaji kabisa. Mashambulizi makali yaliandikwa baadaye na wanazuoni kama Abd al-Jabbar (aliyefariki 1025) na Ibn Hazm (1064). Kabla yao, sira (wasifu wa Mtume Muhammad) ya Ibn Is-haq inamtaja Paulo akitumwa Roma pamoja na Petro, ikifafanua kwamba ni mfuasi, si hawari (mwanafunzi wa Yesu). Ibn Kathir naye, kwenye tafsiri yake (ufafanuzi wa Kurani) ya Surat Yasin 36:14, ananukuu riwaya inayomtaja Bulus (Paulo) kuwa mjumbe wa tatu katika mji wa Antiokia. Riwaya hiyo usiifanye rungu. Ibn Kathir mwenyewe anatilia shaka kwamba mji ule ni Antiokia, na ustadhi aliyesoma tafsiri atakuumbua mbele ya watu.