Nani Anamuuliza Nani?

Swali: Shikamoo mzee. Naandika kutoka Tabora mjini. Nasimamia kampuni ya asali yenye watu 31: kumi na wanne tuko kiwandani, waliobaki ni mabwana nyuki wetu wa Sikonge, Urambo na Kaliua. Mwaka jana tulirudishiwa ndoo 40, asali imechacha kwa maji mengi. Hasara niliimeza. Kilichoniuma ni kwamba bwana nyuki wetu mmoja wa Kaliua alishalimaliza tatizo hilo miezi sita kabla. Anawafundisha warina asali kubeba ndoo mbili, moja ya masega yaliyofungwa kwa nta, nyingine ya yale ambayo bado yako wazi, yenye asali ya majimaji. Kiwandani hakuna aliyejua, na Sikonge hawakujua. Tuna kundi la WhatsApp, tuna kikao kila Jumatatu, tuna hata sanduku la maoni. Sasa mkurugenzi anataka kununua programu ya kusoma barua pepe zetu ili ichore nani anawasiliana na nani. Itatusaidia?

Jibu: Marahaba mwanangu. Msinunue.

Wazo la mkurugenzi si baya, ila ameshika mkia badala ya kichwa. Kuchora nani anawasiliana na nani ni jambo la maana sana. Lakini niambie, bwana nyuki wa Kaliua alikuandikia barua pepe lini mara ya mwisho? Watu wenu wanapigiana simu, wanakutana kwenye mizani, wanaulizana wakisubiri lori. Programu hiyo itakuchorea watu watano wa ofisini wenye kompyuta, nawe utaamini umeiona kampuni nzima. Halafu wakishajua barua zao zinasomwa, hata hao watano watahamia kwenye kunong'ona.

Chukua karatasi. Miaka ya 1930 huko Marekani, daktari wa akili aitwaye Jacob Moreno alikuta wasichana wanatoroka mfululizo katika shule yao ya bweni mjini Hudson, jimbo la New York. Hakuishia kuwatazama mmoja mmoja. Aliwauliza kila mmoja angependa kukaa na nani, akachora duara kwa kila msichana na mistari kati yao, akaona kwamba utoro ulikuwa unafuata ile mistari. Michoro yake ilichapishwa 1934, na hesabu nyingi zinazouzwa leo ndani ya programu za bei kubwa ni wajukuu wa karatasi ile.

Wewe uliza maswali mawili tu, kwa mdomo, mtu mmoja mmoja. La kwanza: mwezi uliopita ulipokwama kikazi, ulimuuliza nani? La pili: jambo la mwisho ulilolijaribu kwa namna mpya, ulilisikia kwa nani? Usiulize rafiki yako nani, utapewa majibu ya heshima. Majina matano yanatosha kwa kila mtu. Chora mshale kutoka kwa anayeuliza kwenda kwa anayeulizwa. Kwa watu 31 ni kazi ya siku tatu, nayo inataka bango moja la karatasi na penseli yenye kifutio kizuri. Waeleze mapema kwamba mchoro hautatumika kumpunguza mtu kazini, na neno hilo mlitimize. Ukikamilika, waonyeshe wao kwanza kabla ya mkurugenzi.

Nilifanya hivyo Kigoma nilipokuwa ofisa utumishi, kwenye karakana moja ya vyombo vya majini ambayo sitaitaja. Tulikuwa 26. Nilitarajia mishale ielekee kwa fundi mkuu. Ikaelekea kwa mtunza stoo! Kila aliyetaka boliti au gasketi alisimama dirishani pake kusaini, na katika zile dakika tano alisikia nani anatengeneza nini na nani jana alipambana na injini kama hiyo. Nikafurahi, nikafanya kosa ambalo mpaka leo nalionea haya: nikamwombea cheo. Akapewa ofisi ghorofani, yenye mlango. Haikuchukua miezi miwili, mafundi wakaanza kurudia makosa yaliyokwisha kutatuliwa. Nilidhani maarifa yako kwa mtu yule, kumbe yalikuwa kwenye dirisha.

Kwa hiyo ukishapata mchoro wako, usikimbilie kutoa vyeo. Tazama kwanza pale pasipo na mshale. Nahisi mabwana nyuki wa Kaliua wanaulizana wao kwa wao kutwa, Sikonge vivyo hivyo, na kati ya makundi hayo kuna pengo. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kuwa watu wengi waliopata kazi kupitia mtu waliambiwa habari za kazi hiyo na watu wanaofahamiana nao kwa mbali, si marafiki wa karibu. Sababu yake hata bibi yangu angeieleza: rafiki yako wa kila siku anajua unachokijua. Anayekuja mara moja kwa mwezi ndiye mwenye jipya.

Kikao cha Jumatatu hakizibi pengo hilo, maana pale kila mtu anamwambia mkurugenzi na hakuna anayemwambia mwenzake. Na kundi la WhatsApp? Ile habari ya ndoo mbili huenda iliandikwa humo kweli, ikazama kati ya mchango wa msiba na picha ya maua yenye "asubuhi njema".

Umbali nao ni adui. Thomas Allen wa chuo cha MIT, Marekani, alipima jinsi wahandisi wanavyozungumza, akakuta kwamba wakitengana kwa zaidi ya mita 50 hivi, mazungumzo ya kikazi yanapungua vibaya. Hao ni watu wa jengo moja! Kaliua naijua, nimepita hapo mara nyingi kwa treni ya Kigoma, pale reli ya Mpanda inapochepuka. Si mita 50.

Kwa hiyo safirisha watu, wachache tu. Bwana nyuki wa Kaliua apande na mzigo wake mara moja kila msimu, asimame na yule dada anayepima unyevu, aone kwa macho yake asali iliyozidi asilimia 20. Dada huyo naye aende porini wakati wa kurina. Bwana nyuki wa Sikonge aende Kaliua, si kwa semina, akabebe ndoo.

Na ndoo zenyewe. Zikishamiminwa kiwandani, zinarudi porini tupu, bila neno. Tieni karatasi ndani ya kila ndoo: unyevu ulikuwa kiasi gani, nani alipima, namba yake ya simu. Miezi mitatu baadaye uliza tena yale maswali mawili, utajua kama mishale imesogea.

Swali: Mzee, mimi ni karani wa ushirika wa wauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Walikuja wataalamu wakachora huo mchoro, nikaonekana niko katikati. Wakanipigia makofi. Tangu siku hiyo simu hailali: bei, chumvi, chanja za kuanikia, magari ya mzigo, yote mimi. Nifanyeje?

Jibu: Pole mama. Makofi hayana posho. Mwambie mwenyekiti kazi hiyo iandikwe kwenye majukumu yako na ipunguzwe nyingine, la sivyo ukiugua wiki moja ushirika mzima unakuwa kiziwi. Wakati unasubiri jibu lake, fanya hivi: mtu wa kwanza akikuuliza jambo, mjibu. Wa pili akiuliza lilelile, mpe namba ya yule wa kwanza. Watanuna siku mbili tatu.