Jibu: Tovuti inapendeza kwenye kompyuta, mbona Google inaiweka nyuma?

Ndugu, kupendeza kwenye kompyuta hakukusaidii sana hapa. Tangu 2015 Google inazipendelea kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu pale mtu anapotafuta kwa simu. Baadaye ikaenda mbali zaidi: roboti yake, yaani programu inayopitia na kusoma tovuti, husoma toleo la simu, na hilo ndilo linalopangwa kwenye matokeo. Kwa hiyo kama kuna aya ulizoziondoa ili ukurasa wa simu uwe mwepesi, kwa Google hazipo, hata anayetafuta akitumia kompyuta. Wengi hujikwaa hapo, halafu wanalaumu maneno muhimu, yaani yale ambayo watu huandika wanapotafuta! Tumia muundo mmoja unaojipanga kulingana na upana wa skrini, kisha kagua ukurasa kwenye Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, uone roboti imesoma nini.