Siandiki, najibu

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Kalamu ikigoma, wewe hufanyaje?", limenikuta nyuma ya kaunta nikihesabu rula. Nina duka dogo la vifaa vya shule na fotokopi hapa Ngamiani, Tanga, na usiku huandika blogu ya mambo ya mji huu. Yangu iligoma miezi saba. Nina hakika na hesabu hiyo, maana makala ya mwisho niliiweka shule zinafungwa mwezi wa sita, na iliyofuata ikaja Januari, shule zimeshafunguliwa.

Anayeijua Tanga anajua kwamba barabara za Ngamiani zinaitwa kwa namba. Barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea mpaka uchoke. Mpango wangu ulikuwa kila barabara iwe na makala yake. Nilianza na bidii ya mwanafunzi mgeni, nikafika ya nane. Hapo nikachepuka kidogo, nikaandika habari za vita vya Novemba 1914, pale Waingereza waliposhusha askari waliotoka India kuja kuiteka Tanga, wakarudishwa baharini na jeshi la Wajerumani lililokuwa dogo kuliko lao mara kadhaa, na nyuki nao wakajiunga vitani bila kuandikishwa. Makala ile ilisambaa kwenye makundi ya WhatsApp mpaka binamu yangu aliyeko Muscat akanitumia maneno yangu mwenyewe, jina langu limeshaondolewa: "Dada, umeiona hii?"

Ugonjwa ulianzia hapo. Watu hudhani mwandishi hukauka kwa kukosa la kusema. Mimi nilikauka kwa kusomwa. Nikikaa kuandika barabara ya tisa, kila sentensi naiona inafika Muscat, inapita mikononi mwa watu nisiowajua, wanaguna. Na barabara ya tisa ina nini? Fundi baiskeli, mama wa vitumbua, nyumba moja yenye mlango wa zamani. Nani atasambaza habari za vitumbua? Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta na kichwa cha habari.

Dawa nilizijaribu. Niliambiwa niandike kila siku, liwe liwalo, basi nikachukua kaunta buku dukani (mpaka leo sijailipia) na kwa siku thelathini nikajaza ukurasa mmoja kila alfajiri. Ninazo kurasa hizo. Zote zinalalamika kwamba sina la kuandika, na mwandiko unazidi kuwa mzuri. Sisemi dawa hiyo ni mbovu kwa kila mtu, ila mimi ilinizoesha manung'uniko. Kutembea ufukweni kulinipa usingizi. Kusoma waandishi hodari ndiko kulikonimaliza kabisa.

Januari ikafika. Mwenye duka la vifaa vya shule hana muda wa kuhuzunika mwezi huo: madaftari, kalamu, mikebe, wazazi wanaotaka kupunguziwa bei hata ya ufutio. Mchana mmoja akaingia mtoto wa darasa la sita hivi kufotokopi kurasa zake. Mashine inatoa karatasi, naye anaitazama, kisha akaniuliza: "Anti, eti ni kweli mkonge uliletwa ndani ya tumbo la mamba?"

Kisa hicho kipo, na wengine hukisimulia kwa kuapa: Mexico ilikuwa haitaki mmea wake utoke, ndipo Mjerumani mmoja akaficha miche ndani ya mamba aliyekaushwa. Nikamwambia mamba simjui, ninayemjua ni Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, mwaka 1893. Miche elfu moja iliagizwa kutoka Florida, Marekani, ikapitishwa Hamburg, na mingi ikafa njiani. Iliyofika hai huku kwetu ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani.

"Sitini na mbili tu?"

"Tu."

"Sasa mashamba yote yale yametoka wapi?"

Swali zuri kuliko lile la mamba. Nikamweleza kwamba mkonge ukizeeka huchomoa mlingoti mrefu, na kwenye mlingoti huo huota vichipukizi mamia kwa mamia, kila kimoja kinaweza kuwa mkonge kamili, kisha mama hufa. Kwa hiyo 62 si haba ukiwa na subira. Nikamfikisha 1964, mwaka nchi ilipotoa zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, nikaingia kwenye kamba za nailoni zilivyokuja kuangusha bei. Mashine ilikuwa imeshanyamaza zamani. Nyuma ya mtoto palikuwa na foleni, na mzee mmoja kwenye foleni, badala ya kugomba, akadakia kwamba baba yake alifanya kazi korona, pale majani ya mkonge yanapochakatwa, miaka mingi kabla neno hilo halijawa jina la ugonjwa. Akatukunjulia mkono tuone kovu alilochomwa na ncha ya jani akiwa mdogo.

Usiku ule nikakaa, nikaandika yote kama nilivyoyasema, nikimwambia mtoto yule. Kwa muda wa saa moja na nusu, nimemaliza. Sikumwona mtu wa Muscat hata mmoja.

Kwa hiyo jibu langu kwenu ni hili: siandiki tena, najibu. Kaunta buku ya malalamiko nimeigeuza nyuma mbele, na upande wa pili naandika maswali ninayoulizwa dukani, kwa maneno yale yale ya muulizaji. Najua wapo watakaosema huo si ubunifu. Basi wamuulize mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840 Mombasa. Tungo zake ngapi ni majibu kwa washairi wa Lamu, au vijembe kwa watu aliowajua kwa sura? Wasomaji wa gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza 1923, nao walikuwa wakitumiana mashairi humo gazetini, huyu akiuliza, yule akijibu kwa vina. Mtu anayesubiriwa jibu hana nafasi ya kukodolea macho karatasi tupu. Anachokosa labda ni usingizi.

Ninayo masharti yangu. Swali lazima liwe limeulizwa na mtu anayetaka kujua kweli. Nilijaribu kujitungia maswali mwenyewe wiki ambazo sikuulizwa kitu, yakanuka mtihani. Wiki kama hizo siku hizi siandiki, na hakuna aliyekufa. Na nikiona hata swali zuri halinisisimui, hapo kalamu haina kosa, ni mimi nimechoka, naenda kulala.

Barabara ya tisa niliiacha kabisa. Niliandika mkonge, nikaandika kwa nini mji huu una baiskeli nyingi, nikaandika kwa nini mahali pasipo na ngamia paitwe Ngamiani. Wiki mbili zilizopita fundi baiskeli wa barabara hiyo akaja kutoa nakala ya kitambulisho. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasimama tu, kitambulisho mkononi.

"Mwanangu," akasema, "mjukuu wangu hunisomea vitu vyako. Ulikuja vizuri, ya sita, ya saba, ya nane. Mara ukarukia mkonge. Sisi wa ya tisa tumekosa nini?"

Nikaliandika swali lake mbele yake, akalisoma kuhakikisha sijapunguza neno. Makala nimeimaliza juzi. Inaanza hivi: "Hamjakosa kitu, mzee. Niliogopa."