Bili za maji na mabomba ya kale: majibu yangu

*Maji twayapata mara mbili kwa wiki, na bado kampuni ya maji yataka kupandisha bei. Kwa nini nilipe? (Mama, Majengo)*

Mama, uchungu wako naujua. Lakini kisiwa chetu cha Mombasa hakina mto. Maji yatoka chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200, kwa bomba la miaka ya 1950. Bomba la chemchemi za Marere, Shimba Hills, ni kuukuu zaidi. Maji ya visima vya Baricho huvutwa kwa pampu, nazo zala umeme. Juzi mtaani kwetu fundi alichimbua kipande cha bomba. Kutu ilikuwa imekila hata kikamomonyoka mkononi kama mkate mkavu. Bei isiyoweza kukibadilisha ndiyo inayokurudisha kwa muuza maji wa mkokoteni. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Mtungi ukiwa shilingi 20, umelipa shilingi 1,000 kwa uniti! Bei ya mfereji haikaribii hapo.

*Mita yazunguka kabla maji hayajafika. Naibiwa? (Changamwe)*

Huenda ni upepo, ndugu yangu. Maji yakirudi baada ya mgao husukuma hewa iliyojaa bombani, nayo huzungusha mita. Ipige picha kabla na baada, uende nazo ofisini.

*Tuko vyumba vinane, mita moja. Mbona bili yetu yashinda ya jirani mwenye bustani? (Kisauni)*

Hapa sina utetezi. Bei hupanda kwa ngazi: uniti za mwanzo rahisi, za juu ghali, ili anayetumia kidogo apate nafuu. Familia nane zikihesabiwa kama nyumba moja, zafika ngazi ya juu kwa kupika na kufua tu. Ni dhuluma, na yarekebishika: mita za kila chumba, au nafuu ihesabiwe kwa idadi ya familia. Mwenye nyumba na aandike barua, nanyi mtie saini.

*Tutajuaje pesa zimeingia kwenye mabomba? (Likoni)*

Kwa Sheria ya Maji ya 2016, bei mpya huidhinishwa na WASREB, bodi ya kudhibiti huduma za maji, na wananchi huulizwa maoni kwanza. Nendeni mkatoe maoni. Nchini kote zaidi ya asilimia 40 ya maji hupotea bila kulipiwa, kwa mivujo na wizi. Ulizeni: mwaka huu mtabadilisha bomba la urefu gani, mtaa gani, na fedha hizo zitawekwa akaunti gani? Wakijibu, mimi nitalipa hiyo nyongeza.