Kitanda cha pembeni cha kichanga: pima kwanza kitanda utakacholalia arobaini

MASWALI YA WAZAZI

SWALI: Assalaam aleykum bibi, shikamoo. Mie niko Fuoni, mimba yangu ishafika miezi saba na ndo kifungua mimba. Wifi yangu yuko Uingereza kanambia anataka kuniletea kile kitanda cha mtoto kinachofungwa ubavuni mwa kitanda cha mama, kile upande mmoja unashushwa, anasema kule kila mzazi anacho. Mume wangu anasema ni kupoteza pesa za mzigo tu, sote tumelala na mama zetu na tumekua. Mkwe wangu nae anasema mtoto akilazwa peke yake anashtuka usiku. Mie nakitamani lakini naogopa kuonekana naiga mambo ya watu. Na sisi tunalalia samadari la marehemu bibi yake mume wangu, refu hilo mpaka lina kigoda cha kupandia. Nikubali? Na nikikubali nimwambie wifi atizame nini? (Mama mtarajiwa, Fuoni)

JIBU: Waaleykum salaam mwanangu, marahaba, Mungu akujaalie ujifungue salama. Nianze na mkwe wako maana hili hajakosea, kichanga hakilazwi mbali na mamaake. Hata madaktari wa watoto wa Marekani katika miongozo yao ya 2022 wanasema mtoto alale chumba kimoja na wazazi wake, si chini ya miezi 6 ya mwanzo, ila wao wanaongeza kwamba awe juu ya kitanda chake mwenyewe, si juu ya godoro la wakubwa. Na mie hapo nawaunga mkono kwa moyo wote. Godoro letu ni laini, lina mito, lina mashuka, na juu yake kuna mama alochoka ambae usingizi ukimshika hata ukimwita haitiki, na mtoto wa wiki mbili uso wake ukizama kwenye mto hana nguvu za kujigeuza wala sauti ya kulia.

Sasa hichi kitanda cha pembeni kinawatosheleza wote wawili, mkwe na daktari. Mtoto yuko hapo hapo unamsikia anavopumua, akitaka kunyonya unanyoosha mkono unamvuta, akishiba unamrejesha kwake, na miguu yako haijagusa sakafu. Kwa alozaa kwa operesheni ndo raha zaidi maana wiki zile za mwanzo kuinama na kunyanyuka ndo mtihani wenyewe. Kwa hiyo kuiga hakumo, hayo maneno yaache.

Ila kabla hujamjibu wifi nijibu mie kwanza: arobaini utaikalia wapi? Mimba ya kwanza hii, nna hakika mamaako ashaanza kutengeza chumba. Basi fikiria, vitanda hivi havitumiki kwa muda mrefu, mtoto akianza tu kujinyanyua kwa mikono na magoti au kutaka kukaa mwisho wake umefika, wengi hua ni kwenye miezi 5 au 6, na vingi vimeandikwa visizidi kilo 9. Toa arobaini hapo uone kilichobakia. Na usiku ule mzito kuliko yote, ule wa kunyonyesha kila saa, utakua kwa mamaako. Watu wanapima kitanda cha nyumbani kwao, wanaleta mzigo, halafu mzazi anakwenda kulalia kitanda chengine kabisa! Kwa hiyo tepu uende nayo kwa mama. Pima kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro, na wakati unapima mtu awe kakaa pale ukingoni, maana godoro likikaliwa linashuka. Hicho kipimo ndo umtumie wifi, na ukingo wa ule upande unaoshushwa unatakiwa uje sawa na juu ya godoro lako, si juu ukawa ngazi wala si chini ukawa shimo.

Samadari sasa. Samadari nalipenda na nakuombea lidumu, lakini kwa kazi hii halifai, nakwambia wazi. Kwanza urefu, miguu ya hivi vitanda vya nje ina vitundu vya kupandishia lakini mara nyingi hata kitundu cha juu kabisa hakilifikii samadari. Pili mfumbati wake, ule mti wa ubavuni, mpana, umetokeza nje ya godoro, ukisogeza kitanda cha mtoto kinagota pale kwenye mfumbati na baina ya godoro lako na lake pana mwanya. Huo mwanya ndo wa kuogopwa kuliko kitu chochote katika habari yote hii. Mtoto anateleza kidogo kidogo, kiwiliwili kinashuka kichwa kinabana, na hakuna kelele. Na usije ukauziba kwa mto au kanga iliyokunjwa, kanga itasogea usiku na ndo itakua ya kumfunika pua.

Ukirudi kwako Fuoni una njia mbili. Miezi hiyo lalieni kitanda cha chini cha kawaida, samadari lisubiri, au pandisha upande wa nne wa kitanda cha mtoto, ukifunge pande zote, ukisimamishe peke yake karibu, umbali wa mkono. Vyote salama. Kisichokua salama ni ule upande kuwa wazi na kitanda hakikubana.

Kwa wifi mwambie hivi: akitizame kama kimeandikwa EN 1130 na mwaka 2019, hicho ndo kiwango cha Ulaya, na kinataka hata upande ukishushwa ubakie ukingo wa sm 12 juu ya godoro la mtoto ili asibingirie kuja upande wenu. Kiwe na mikanda yake ya kufungia, mizima, na maelezo yake ya kufunga. Kama ni cha mtumba sina neno, watoto hawakitumii hata kikachakaa, lakini kikikosa skrubu au mkanda asikinunue, kamba ya nailoni haifanyi kazi ya mkanda. Na godoro liwe lile lililokuja nacho. Ukilibonyeza kwa kiganja lirudi papo hapo, likibaki na alama ya mkono ni laini sana. Lile karatasi la plastiki la dukani livue. Vyengine vina kitu cha kuinua upande wa kichwa eti mtoto asicheue, hiyo achana nayo kabisa, mtoto anaporomoka kidevu kinaingia kifuani na njia ya pumzi inajikunja. Marekani tangu 2022 wameshakataza vitanda vya kulalia watoto wachanga vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10. Kilale sawa, basi.

Kikishafungwa kivute kwa nguvu kama mtu anaetaka kukiiba, halafu pitisha vidole baina ya godoro lako na kitanda chake, vikizama hakikukaa. Mwambie mumeo awe anavuta kila usiku kabla ya kulala maana mikanda inalegea, na kazi hiyo itampa sababu ya kukipenda.

Jambo moja ambalo wa kule hawalijui: chandarua. Ukibandika kitanda cha mtoto ubavuni chandarua chako hakiingii tena chini ya godoro upande ule, na hapo mbu wanapita mchana kweupe. Malaria Unguja na Pemba imeshuka sana lakini haijaisha, na mbu wa dengi nae yupo. Basi tafuta chandarua kikubwa kivifunike vitanda vyote viwili mpaka chini, au kile kidogo cha mwavuli cha mtoto kama kitanda chake umekifunga pande zote, ila kitambaa kisimlalie usoni na kamba zisining'inie ndani.

Joto pia usisumbuliwe na vipimo vya kule, Uingereza wanataka chumba kiwe nyuzi 16 mpaka 20, kaskazi ikipiga Fuoni utazitoa wapi? Tizama mtoto. Mguse shingo kwa nyuma au kifuani, akiwa na jasho mpunguze nguo. Kofia ndani ya nyumba asivalishwe akilala, na feni iwashwe tu, isimwelekee usoni. Na udi na ubani, mwanangu, mzazi anafukizwa na nguo zinafukizwa, lakini mtoto atolewe chumbani kwanza mpaka moshi uishe.

SWALI: Bibi mie baba wa Wete, mke wangu anakaribia na hicho kitanda cha kufunga pembeni kutoka nje hatukiwezi. Nnae seremala rafiki yangu, anasema atanichongea chochote. Nimpe vipimo gani?

JIBU: Rafiki seremala ni neema, ila mwambie achonge kitanda kidogo cha pande nne zilizofungwa, kisimame karibu na kitanda cha mamaake. Cha kushusha upande asijaribu, hata viwanda vilikosea humo mpaka Marekani wakapiga marufuku vitanda vya upande wa kushuka mwaka 2011, kwa sababu vyuma vikilegea upande unaachia na mtoto anabanwa.

Fito za pembeni ziachane baina ya sm 4.5 na 6. Njia ya kuhakikisha ni kopo la soda la kawaida, lile nene, likipita baina ya fito mbili basi ni pana, mtoto anaweza kupenyeza kiwiliwili akabakisha kichwa. Achonge godoro likishapatikana, si kinyume chake, maana sponji likikatwa baadae hua linapungua pembeni, na mwanya ukipitisha vidole viwili ushakua mkubwa. Sponji liwe gumu. Usufi hapana, hata kama shamba lenu lina msufi na bibi wa mtoto yuko tayari kushona, najua inauma lakini usufi unabonyea na kichanga kinadidimia. Nguvu zake bibi azitie kwenye mashuka ya kubana pembe zote nne.

Maua na nakshi za kuchonga muombe aziache, nguo hunasa. Atumie skrubu, misumari peke yake hapana, mbao ipigwe msasa mpaka ukipitisha kitambaa chepesi hakinasi popote. Chipubodi usikubali, masika ikiingia inavimba na skrubu zinajitoa zenyewe. Na kama atapaka vanishi kimalizike mapema, kikae nje kivulini mpaka harufu iishe kabisa kabla mtoto hajaja, mtoto mdomo wake utakua pale pale kwenye mbao akianza kusimama.

Na kama hata hicho hakitawahi usivunjike moyo. Ufini tangu 1938 serikali inawapa wazazi boksi la vitu vya mtoto lenye godoro dogo ndani, na watoto wengi wamelala humo humo kwenye boksi la karatasi ngumu. Palipo bapa, pagumu, pasipo na kitu chengine ndani ndo panapotakiwa.

SWALI: Nimejifungua wiki tatu sasa, niko kwa mama Jambiani na kitanda cha pembeni ninacho. Mama anamlaza mtoto kiubavu na kumtilia vimto viwili huku na huku, anasema akilala chali akicheua atapaliwa. Sitaki kumvunjia heshima. Nifanyeje?

JIBU: Hongera mzazi. Usimwambie mama kakosea, mwambie daktari kaeleza, maana kaeleza kweli: mtoto akilala chali njia ya pumzi inakua juu na njia ya maziwa inakua chini yake, maziwa yakirudi yanapata tabu kupanda kuingia kwenye pumzi, na mtoto mzima wa afya anayameza au kuyatoa mdomoni. Akilala kifudifudi ndo njia ya pumzi inakua chini. Kiubavu nako hakukai, hata kwa vimto anabingiria akaja kifudifudi. Uingereza walianza kuwahimiza wazazi mwaka 1991 wawalaze watoto chali na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu, na kupaliwa hakukuongezeka. Muombe mama awe yeye ndie anaemcheulisha begani kila baada ya kunyonya, dakika kumi na ngapi anamsimamisha, hilo analiweza kuliko wewe. Vimto vyote vitoke, na kile cha kutengenezea kichwa pia.

Na kama mnahofia kulala chali kutamfanya kichwa kiwe bapa, kwenye kitanda cha pembeni mtoto hua anageukia upande mmoja tu, upande ulipo wewe, kwa hiyo leo mlaze kichwa huku, kesho kichwa kiwe pale ilipokua miguu. Mchana akiwa macho mlaze tumbo kifuani kwako ajitahidi kuinua shingo. Mkienda kliniki ya chanjo mwambie nesi akitizame kichwa, na kama shingo inageuka upande mmoja tu usisubiri siku ya chanjo, mpeleke.