Uliza shingo ya kizazi imepimwa kwa njia gani

Mjamzito aliyewahi kujifungua mtoto njiti, kama mimi, akitajiwa urefu wa shingo ya kizazi chake (ikiwa fupi, hatari ya kujifungua mapema huongezeka), kabla ya kufurahi au kuogopa aulize kwanza umepimwa kwa njia gani. Katika ujauzito wangu wa pili nilipimwa kwa ultrasound juu ya tumbo nikiwa nimebana mkojo, nikaambiwa ni milimita 36. Wiki hiyohiyo daktari bingwa wa uzazi alinituma kwanza chooni, akapima kupitia ukeni, akapata milimita 23. Kibofu kilichojaa huibana shingo ya kizazi ikaonekana ndefu kuliko ilivyo, na ukipimwa juu ya tumbo kibofu kikiwa kitupu, kichwa cha mtoto kinaweza kuificha kabisa. Ndiyo maana kipimo cha ukeni ndicho kinachoaminika zaidi.

Wapo wanaokikataa kwa hofu ya kumdhuru mtoto, hofu ninayoielewa lakini isiyo na msingi, kwa kuwa kifaa hakiingii ndani ya shingo yenyewe. Ni kifaa chembamba kinachovalishwa kondomu na kupakwa jeli. Mpimaji hukifikisha mbele ya shingo ya kizazi, hukirudisha nyuma hadi picha ififie, kisha hukisogeza tena kwa kugusa tu, maana akikandamiza, shingo hurefuka kwa uongo. Anatafuta picha inayoonyesha mlango wa ndani, mlango wa nje na mfereji wote ulio kati yake. Hupima walau mara tatu, akichukua dakika 3 hadi 5, kisha huandika urefu mfupi zaidi uliopatikana kwenye picha safi. Asipoharakisha, mshukuru: kizazi hujikaza na kulegea, na mlango wa ndani unaweza kuanza kufunguka akiwa anautazama.

Asiyeridhia kabisa njia hiyo anaweza kuomba kifaa kiwekwe nje, kwenye msamba, ingawa hewa iliyo kwenye utumbo wa haja kubwa mara nyingine huuficha mlango wa nje; kuinua nyonga kwa mto husaidia.

Kabla ya wiki ya 24, urefu usiozidi milimita 25 huhesabiwa kuwa mfupi. Daktari anaweza kukuandikia projesteroni (homoni inayosaidia kutunza ujauzito) ya kuweka ukeni, au, kwa aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, kushona shingo ya kizazi kwa uzi, kama nilivyofanyiwa mimi. Kulala kitandani mchana kutwa, ushauri tunaopewa na kila shangazi, hakujathibitika kuzuia uchungu wa mapema.

Kwa hiyo mapokezi wakikuambia unywe maji mengi na usiende haja ndogo, waeleze kwamba umekuja kupimwa urefu wa shingo ya kizazi, na uombe njia iliyotumika iandikwe kwenye ripoti, ili atakayekupima tena baada ya wiki mbili atumie njia ileile.